Mashambulizi ya Vikings: wapokeaji nyota tano, ukuta nyota mbili

Nianze na hukumu ili mwenye haraka ashike njia yake. Kama unaishi Minnesota na unajiuliza iwapo Minnesota Vikings wanastahili pesa yako na Jumapili zako, mimi nasema ndiyo, na sababu ni wapokeaji. Mpira ukishatoka mkononi mwa kwotabeki, yule mrushaji, na kupaa, sijui timu nyingine ya kandanda ya Marekani inayonipa raha kushinda hii. Balaa liko kwenye zile sekunde tatu kabla haujatoka. Hapo ndipo roho inakuwa mkononi.

Haya nayaandika msimu wa 2024 ukiwa umepoa, drafti ya Aprili 2025 (siku timu zinapochagua wachezaji wapya kutoka vyuoni) imepita, na mimi mwenyewe nimeacha kununa. Ninaendesha basi la shule hapa Brooklyn Park, upande wa kaskazini mwa Minneapolis, ambako ukienda dukani Jumamosi utasalimiwa na Wakenya kabla hujapata toroli. Kila mwaka wanaingia wageni wapya kutoka nyumbani, na baridi ikishawafungia ndani wanaanza kuuliza kuhusu huu mchezo ambao watu wote kazini wanauzungumzia Jumatatu. Wa mwisho kuniuliza alikuwa shemeji yangu, mdogo wake baba watoto, aliyekuja kutoka Kisumu na bado anaishi kwetu chini.

"Shemeji, huyo ameumia?" aliniuliza mara ya kwanza tulipotazama pamoja.

"Hajaumia. Wanapanga."

"Wanapanga kila baada ya sekunde tano?"

"Ndiyo. Kunywa chai."

Shemeji ni Gor Mahia damu. Mimi nimezaliwa Kakamega, nyumba ya Ingwe, yaani AFC Leopards, kwa hiyo Mashemeji Derby kwetu si jina la mechi tu. Na yeye hukumbusha kila anapopata nafasi kwamba AFC Leopards ilichukua ligi mara ya mwisho mwaka 1998. Nami humjibu kwamba ndiyo maana Vikings walinifaa tangu siku ya kwanza. Msimu wa 1998 Vikings walishinda mechi 15 na kupoteza moja, kijana Randy Moss akashika tachidauni 17 (mpira kufikishwa eneo la goli) katika mwaka wake wa kwanza kabisa, halafu wakaenda kupoteza fainali ya NFC (nusu moja ya ligi) nyumbani mbele ya Atlanta, baada ya mpigaji teke ambaye hakuwa amekosa hata moja msimu mzima kukosa moja. Super Bowl, fainali ya ligi yote, wamefika mara nne, wakafungwa mara nne. Mtu wa Ingwe hahitaji mafunzo ya kuvumilia hapo.

Kwa asiyejua: timu inayoshambulia ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikisogea, inapewa mengine manne. Kwotabeki anaweza kumkabidhi mwenzake mpira akimbie nao, au aurushe kwa wapokeaji ambao wameshatimka mbele, kila mmoja na njia yake aliyopangiwa. Watu watano wa miraba minne wanasimama mbele ya kwotabeki kuwazuia wapinzani wasimfikie. Hao ndio ukuta. Kumbuka hilo neno, tutalirudia kwa uchungu.

Sasa Justin Jefferson, namba 18. Alichukuliwa wa 22 kwenye drafti ya 2020 kutoka chuo cha LSU. Wapokeaji wanne walitajwa kabla yake, na wa mwisho wao, Jalen Reagor, alichukuliwa na Philadelphia nafasi moja tu mbele. Mashabiki wa Philadelphia wanaijua hiyo habari, huna haja ya kuwakumbusha, ingawa mimi huwakumbusha. Na nafasi tuliyomchukulia Jefferson ilitoka Buffalo, tulipowapa Stefon Diggs, yule yule wa muujiza wa Januari 2018 dhidi ya New Orleans, tachidauni ya yadi 61 na saa imekwisha. Watu walilia Diggs alipoondoka. Walilia miezi michache tu.

Hesabu za Jefferson: yadi 1,400 mwaka wa kwanza, 1,616 wa pili, 1,809 wa tatu, ambazo ziliongoza ligi nzima mwaka 2022. Mwaka 2023 aliumia msuli wa paja, akacheza mechi 10 tu na bado akapata 1,074. Mwaka 2024 akarudi na mikamato 103, yadi 1,533 na tachidauni 10. Jumla ni yadi 7,432 katika misimu mitano, na hakuna mpokeaji katika historia ya ligi ya NFL aliyefika hapo katika misimu yake mitano ya kwanza. Juni 2024 walimpa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 140. Shemeji aliposikia alisema Mungu wangu. Mimi nasema kwa wote walio kwenye ile orodha ya malipo, huyu ndiye pekee ambaye sijawahi kumwonea gere.

Lakini hesabu hazikuonyeshi anavyofanya, na televisheni nayo haikuonyeshi. Kamera inafuata mpira. Wapokeaji wakishatimka wanatoka nje ya picha, unawaona tena mpira unapowafikia. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza wa kimnunuzi ni huu: ukienda U.S. Bank Stadium, usijutie tiketi ya juu kabisa, nyuma ya milingoti. Ndiyo tuliyoimudu sisi Desemba 8, 2024, mechi ya Atlanta, na kutoka kule juu unaona watu wote 22 kwa mpigo. Nilimwambia shemeji asahau mpira, amtazame namba 18 peke yake. (Alikuwa amevaa jaketi mbili kwa sababu nje kulikuwa na baridi ya Minnesota. Uwanja una paa, ndani watu wamevaa fulana. Alizikalia zote mbili.)

Ukimtazama vile unaona kitu. Jefferson anaanza mbio kama mtu asiye na haraka, mikono imelegea. Beki anarudi nyuma huku wanatazamana. Wakifika kama yadi 10 mbele, kichwa cha Jefferson kinageukia mstari wa nje na bega la nje linashuka kidogo. Beki anaamini, anageuza kiuno kuelekea nje. Wakati huohuo mguu wa nje wa Jefferson umeshagonga chini na mwili mzima umekata ndani. Hakupunguza mwendo hata kidogo, hicho ndicho kinachoudhi mabeki. Beki akimaliza kurudisha kiuno, pengo ni la yadi tatu, nne, na mpira ulisharushwa kabla hata Jefferson hajageuka. Nimeona wapokeaji wenye mbio kuliko yeye. Sijaona anayedanganya kwa kiuno na bega namna ile.

Siku hiyo mgeni wetu alikuwa Kirk Cousins, kwotabeki wetu wa misimu sita, amerudi na jezi ya Atlanta. Sam Darnold, aliyeshika nafasi yake, akarusha yadi 347 na tachidauni tano: Jefferson mbili, Jordan Addison tatu. Tulishinda 42 kwa 21. Shemeji alitoka amepotelewa na sauti na anajua kupiga SKOL, ile kelele ya mashabiki wa Vikings, kuliko watoto wangu.

Addison ndiye sababu ya pili ya kutoa pesa. Timu nyingi zinampangia Jefferson mabeki wawili, mmoja mbele yake na mwingine nyuma zaidi akimsubiri, na kila wanapofanya hivyo Addison anabaki na mtu mmoja. Ni mwembamba, ukimwona utafikiri upepo utamwangusha, lakini anafika mahali anapotakiwa kwa wakati unaotakiwa. Mechi ya Chicago mwezi Novemba, tuliyoshinda 30 kwa 27 muda wa ziada, alipata yadi 162 huku Jefferson akiwa amebanwa karibu siku nzima. Msimu mzima: mikamato 63, yadi 875, tachidauni tisa. Wanaosema Addison ananufaika tu na kivuli cha mwenzake, nawauliza ni wapokeaji wangapi wamewekwa kwenye kivuli hicho tangu 2020 wakashindwa kukitumia.

Jalen Nailor ni wa tatu. Mikamato 28 tu, lakini sita kati ya hiyo ni tachidauni. Bei rahisi, kazi safi, sina la kuongeza.

Kwa taitiendi (mpokeaji mwenye mwili mkubwa anayesaidia pia kuzuia), T.J. Hockenson, nina maneno. Goti lake liliharibiwa mkesha wa Krismasi 2023 dhidi ya Detroit, akarudi Novemba 2024, na mtu aliyefanyiwa upasuaji wa goti hatukanwi. Alishika mipira 41. Lakini tachidauni msimu wa kawaida? Hakuna hata moja. Moja aliyopata ilikuja kwenye muondoano, wakati mechi ilikuwa imeshazikwa. Karibu na mstari wa goli, pale ambapo nafasi ni finyu na Jefferson hana uwanja wa kukimbia, taitiendi mkubwa ndiye anayetakiwa kuwa dawa. Kwetu dawa hiyo haikufanya kazi.

Nimrudie Darnold. Alikuja kwa mwaka mmoja, dola milioni 10, baada ya kukataliwa New York na Carolina, na alipaswa kuwashikia nafasi tu huku kijana J.J. McCarthy akifundishwa. McCarthy akaumia goti Agosti kwenye mechi ya majaribio, basi mshika nafasi akawa mwenye nyumba. Yadi 4,319, tachidauni 35, ushindi 14. Mpira mmoja peke yake ulirudisha fedha yote hiyo. Septemba 15 dhidi ya San Francisco, tuko yadi 3 tu kutoka mstari wetu wa goli, tumebanwa kabisa ukutani. Timu nyingi hapo zingempa mkimbiaji asukume sukume apate hata yadi mbili za kupumulia. Darnold alijifanya anamkabidhi mkimbiaji, akarudi ndani ya eneo lake la goli, akaurusha katikati ya uwanja kwa Jefferson. Yadi 97. Nyumba yetu iliamka, pamoja na baba watoto, ambaye hulala mchana kwa sababu ya kazi ya usiku na ambaye hakufurahi.

Lakini Darnold ana ugonjwa wake: anapenda kukaa na mpira. Na mfumo wa kocha Kevin O'Connell unamruhusu, kwa sababu zile njia ndefu za kukata ndani zinahitaji muda ili zikomae. O'Connell alikuwa kwotabeki mwenyewe, na anafikiri kama kwotabeki: anaona pengo la yadi 18 mbele na anataka mtu wake alisubiri. Nampenda kwa hilo. Alipewa tuzo ya kocha bora wa 2024 na aliistahili, hata kama kuna siku mashambulizi yake yalilala kabisa, kama ile ya Jacksonville tuliyoshinda 12 kwa 7 bila tachidauni hata moja, Darnold amenyakuliwa mipira mitatu.

Shida ni kwamba muda haununuliwi kwa wapokeaji. Unanunuliwa kwa ukuta. Na Vikings kwa miaka mingi wamekuwa kama mtu anayenunua sufuria za bei mbaya na mtungi wa gesi hauna kitu. Pembeni tulikuwa sawa, mpaka Oktoba 24 Christian Darrisaw alipoumia goti dhidi ya Rams. Katikati ndiko kulikooza: senta na walinzi wawili wanaomzunguka. Wapinzani waliokuja kutokea pembeni, kwotabeki anaweza kupiga hatua mbele akawakwepa. Wanaokuja kutokea katikati wanamfikia usoni, hana pa kusogea, na ile njia tamu ya Jefferson inabaki nusu yake haijakimbiwa.

Wanaotaka ushahidi watazame mechi mbili za mwisho, kama moyo unaruhusu. Januari 5, 2025, Detroit, timu zote mbili zina ushindi 14, mshindi anachukua kundi na kupumzika raundi ya kwanza. Tulifika karibu na goli mara kwa mara. Tukatoka na pointi tisa, zote za teke. Darnold alilenga mipira 41 ikashikwa 18. Jefferson alikuwa wazi zaidi ya mara moja, kutoka kwenye kochi nilimwona, na mpira ukapita juu ya kichwa chake au ukaenda kwa mtu mwingine. Alimaliza na mikamato mitatu. Mitatu! Tulifungwa 31 kwa 9, na ushindi 14 ukatupeleka kucheza ugenini.

Wiki iliyofuata tukakutana na Rams, mechi ikachezewa Glendale, Arizona, kwa sababu ya moto uliokuwa ukiteketeza Los Angeles. Darnold aliangushwa na mpira mkononi mara tisa, jambo lililofikia rekodi ya mechi za muondoano katika NFL. Mpira mmoja uliomponyoka, Jared Verse akauokota akakimbia nao yadi 57 mpaka golini. Mapumziko 24 kwa 3. Mwisho 27 kwa 9. Shemeji, ambaye sasa anajua mchezo kuliko ilivyo salama, aliniuliza kwa nini hawarushi mpira mapema kwa mtu wa karibu. Nikamwambia tulishajaribu hiyo pia. Januari 2023, dhidi ya Giants, jaribio la nne, tunahitaji yadi nane ili tuendelee kuishi, Cousins aliona wapinzani wanamjia akamrushia Hockenson pasi ya yadi tatu. Msimu ukaishia pale. Ukuta ukikupa hofu, utakosea kwa kuchelewa au utakosea kwa kuharakisha.

Kwa hiyo baada ya Glendale sikutaka kusikia habari ya mpokeaji mpya. Nilitaka miili. Na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, ofisi ya Vikings imefanya ninachotaka. Machi walimwacha senta wa zamani, wakaleta senta Ryan Kelly na mlinzi Will Fries, wote kutoka Indianapolis. Kwenye drafti, nafasi ya 24, walipoweza kutuletea mtu wa kurukaruka, wakamchukua Donovan Jackson wa Ohio State, mlinzi. Sehemu yote ya katikati imebomolewa ikajengwa upya kwa miezi miwili. Siku ya drafti nilipiga kelele kwa ajili ya mlinzi, watoto wakanitazama kama nimechanganyikiwa. Baadaye kwenye raundi ya tatu walichukua mpokeaji, Tai Felton wa Maryland. Sawa, ugonjwa hauponi siku moja.

Darnold naye ameenda Seattle, mkataba wa miaka mitatu. Simlaumu yeye, na simlaumu aliyemwachia aende. McCarthy anaanza msimu wa 2025 akiwa hajacheza hata mechi moja ya ligi, na anaanza akiwa na Jefferson kulia, Addison kushoto, na Aaron Jones nyuma yake, mkimbiaji aliyetupa yadi 1,138 mwaka 2024. Vijana wengi wa nafasi yake hawajawahi kukaribishwa na meza iliyoandaliwa namna hiyo. Ninachotaka kwake ni kitu kimoja: mpira utoke mapema. Jefferson akikata ndani, uwe umeshaondoka. Asisubiri kumwona akiwa wazi, kwa sababu Jefferson atakuwa wazi. Hilo limethibitishwa tangu 2020.

Alama zangu basi, kwa wanaopenda alama. Wapokeaji, nyota tano, na ningeongeza ya sita kama ingekuwepo. Kocha, nne. Karibu na goli, mbili. Ukuta wa 2024, mbili, na moja ya hizo ni ya Brian O'Neill peke yake kule kulia. Ukuta wa 2025 siupi nyota mpaka niuone umesimama mbele ya mtu mzito mwezi Oktoba.

Ukitaka kujionea, mechi za majaribio za Agosti zina tiketi ambazo hazitakufanya ugombane na mume. Jefferson hutamwona sana, maana wakubwa hawachezeshwi, lakini mwezi huo ndio wa kutazama hao walinzi wapya bila presha. Panda treni, Blue Line au Green Line, zote zinasimama mlangoni pa uwanja. Maegesho ya gari pale ni unyang'anyi wa mchana. Kaa juu.

Na ukinunua jezi, nunua ya mpokeaji. Mwaka 2023 peke yake makwotabeki wanne tofauti walianza mechi zetu, na jirani yangu mmoja bado ana jezi mbili kabatini za watu ambao wameshahama. Kitinda mimba wangu anataka namba 9, ya McCarthy. Nimemwambia tutaongea Novemba.